Nyumba imekuwa ndogo, vitu vingali vingi: tubebe nini, tuache nini?

Mwisho wa mwezi ukifika, simama kidogo kando ya barabara kule Majengo ao Ndosho, uangalie machukudu yenye kupita. Zamani yalibeba makala, mbao, viazi vya Rutshuru na kabichi za Kibumba. Hata leo yanabeba hivyo. Lakini katikati yake sasa utaona fotei tatu zimefungwa na kamba, kabati bila milango, matela imekunjwa sawa chapati, na nyuma mama mumoja anafuata kwa miguu na kadre ya foto ya ndoa mukononi. Fotei alimwachia mwenye chukudu. Kadre anaibeba mwenyewe.

Watu wanahama ndani ya muji. Mutu mwenye alikuwa na vyumba vine anaingia mu viwili. Sababu zinajulikana. Tarehe 27 januari 2025, wakati wapiganaji wa M23 waliingia Goma, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na mashirika mengi ya misaada yakapunguza wafanyakazi. Mishahara yenye ilikuwa inalipa nyumba za Himbi na Katindo ikakatika. Tena kuko wale wenye watoto wao walienda Kampala, Bujumbura, Kinshasa, na nyumba ikabaki na wazee wawili na vyumba vyenye kufungwa. Kuko wajane. Na kuko wale wenye wamefanya hesabu ya Goma yenye kila mutu anaijua: nyumba kubwa ya mbele tuipangishe, sisi tuingie mu annexe ya nyuma, feza ya kila mwezi ilipe masomo ya watoto.

Hesabu ni nzuri. Lakini annexe haina tumbo la kumeza vitu vya nyumba kubwa. Inaomba kupunguza, na hapo ndipo watu wazima wanaanza kugombana juu ya sahani.

Muji wenye ulifundishwa kuacha

Goma haikujifunza kupunguza vitu mu vitabu. Nyiragongo ndiyo ilifundisha. Tarehe 10 januari 1977 ziwa la moto lenye kuwa juu mu kreta lilitoboka na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Vijiji vya kaskazini ya muji vililipa. Tarehe 17 januari 2002, siku ya ine, lava ilishuka mpaka katikati ya muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikameza maduka na kanisa kubwa la Saint-Joseph, ikaingia ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Gisenyi, wengine wakashika njia ya Sake. Siku chache kisha wakarudi, wengi wakikanyaga mawe yenye yangali moto.

Wale wenye nyumba zao zilifunikwa wanajua kitu kimoja chenye wengine hawakifikirie. Kitanda kinanunuliwa tena. Sufuria pia. Lakini uliza familia ya namna hiyo ikuonyeshe foto za kabla ya 2002. Kama iko na bahati, utaonyeshwa moja, ile yenye ndugu wa Bukavu ao wa Kisangani alikuwa nayo kwake na akatuma kopi. Harusi ya wazazi, ubatizo wa kwanza, siku ya diplomi: vyote viko chini ya mawe meusi yenye leo tunajengea mafondasyo.

Hata nyumba yenyewe ilijifunza. Nyumba ya mbao, yenye wageni wanaona sawa vile umaskini tu, iko na akili yake. Inafunguliwa musumari kwa musumari, manjanja yanahesabiwa, mbao zinaandikwa namba kwa makala, inapakiwa, inapandishwa pengine. Kuko nyumba Goma zenye zimeishi mu makartie matatu. Na mwenye hataki tena nyumba yake anaiuza vipande vipande: mbao kwa huyu, manjanja kwa yule, milango kwa mwingine, mpaka misumari yenye kupindika, yenye watoto wanainyoosha juu ya jiwe.

Kisha ikaja tarehe 22 mei 2021, siku ya posho, magaribi. Lava ilisimama karibu na muji, upande wa Buhene, kisha kuchoma maelfu ya nyumba. Watu zaidi ya makumi tatu walikufa. Ardhi ikaendelea kutetemeka. Siku tano kisha, tarehe 27, mapema asubuhi, guvernera wa kijeshi akaamuru makartie 10 kati ya 18 ya muji yatoke. Mwenye alikuwa mu barabara ya Sake ile siku atakumbuka vitu vyenye vilikuwa juu ya vichwa: matela, bido la manjano, mbabula, sufuria, kuku amefungwa miguu, mutoto mugongoni. Mutu mwenye kukimbia anabeba kwanza tumbo lake na usingizi wake. Sikumbuke kuona mutu na kadre ya foto.

Ndiyo maana wengi wanafikiri Mugoma anajua kuacha vitu. Anajua kuviacha wakati anasukumwa. Lava haikuulize kitu gani ulikuwa unapenda. Lakini kuamka asubuhi, hakuna bunduki, hakuna tetemeko, ukae chini na binti yako na kusema hiki kinabaki, hiki kinaenda, hiyo ni kazi ingine. Hapo hakuna wa kulaumu. Wewe ndiye lava.

Furaha ao sufuria

Mu inchi za mbali wamefanya vitabu juu ya hii kazi. Marie Kondo wa Japani anajulikana dunia nzima kwa sababu ya ulizo moja: shika kitu mukononi, kinakuletea furaha? Kama hapana, kishukuru na ukiache. Margareta Magnusson wa Uswidi alitoa mu 2017 kitabu juu ya desturi ya kwao yenye wanaita döstädning: mutu mzee anapanga na kupunguza vitu vyake yeye mwenyewe, angali muzima, ili watoto wasikute mulima siku yenye atakufa.

Kwa maoni yangu yule mama wa Uswidi iko karibu na sisi zaidi. Ulizo la furaha halifanye kazi vizuri huku kwetu. Sufuria ya lita makumi mbili haimletee mutu furaha. Ni nzito, ni nyeusi, inajaza jikoni. Inaleta watu. Siku ya matanga jirani anatuma mutoto: "Mama anaomba ile sufuria mukubwa." Ukiwa nayo, uko mutu wa kartie. Ukiiuza, wataenda kuomba kwingine, na polepole jina lako litatoka mu kinywa cha watoto.

Nilifikiri sana juu ya hayo mwezi huu, sababu nilikuwa musaidizi wa kazi ya namna hiyo. Tantini wangu anakaa Mabanga Sud. Mume wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mutu wa kaye na wa kalamu nyekundu. Alikufa kuko miaka sasa. Watoto watano, wawili peke yao wako hapa. Mupangaji alikuwa amekwisha kupatikana, na garanti ya miezi mitatu mukononi (sheria ya 2015 juu ya nyumba za kupangisha hairuhusu kupita hapo, hata kama wenye nyumba wengi wanaomba zaidi). Tulikuwa na majuma mawili ya kutoa vitu vya miaka makumi tatu mu vyumba vine na salon, na kuviingiza mu vyumba viwili vyenye mulango mwembamba.

Siku ya kwanza yote ilikwama juu ya sahani. Binti yake mukubwa alizitoa mu kabati, akazipanga chini, zikajaza salon. Tulihesabu 96.

— Mama, hizi sahani yote tunaweka wapi?

— Weka pale kwanza.

— "Pale kwanza" iko fasi gani, mama? Kule nyuma hakuna hata fasi ya kuweka miguu.

— Basi bakia na miguu yako inje.

Tulicheka, lakini mama hakucheka. Chini ya kila sahani kuko doti ya verni nyekundu, ile ya makucha. Ni alama yake, ili zikienda mu harusi za watu zirudi zote. Alianza kuzinunua kidogo kidogo, sita kwa sita, wakati mume wake alikuwa angali analipwa na wazazi wa wanafunzi. Mabatizo ya hii barabara yote yamekulwa ndani ya zile sahani. Binti alisema tuziuze. Kijana akasema soko ya Virunga kuko mutu atachukua zote mara moja. Mama akanyamaza, akaenda kupika. Mwenye anajua wamama wa Goma anajua kunyamaza kwa namna hiyo si ndiyo.

Jibu lilikuja siku mbili kisha, na yeye ndiye alilipata. Sahani 84, vikombe na zile sufuria mbili kubwa ziende kwa shirika la kartie. Wawe wanazikopesha kwa kila mutu mwenye iko na matanga, bila kulipa. Harusi watalipa kidogo, na ile kidogo inunue zenye zitavunjika. Alifanya rais wa shirika aandike mu kaye na kuweka sinyatire. Kumi na mbili alibaki nazo. Verni haikufutwa. Watu wakikula juu yake miaka makumi mbili kuanzia leo, doti itakuwa pale.

Mimi naona hapo kuko fundisho la kufaa kupita ulizo la furaha: kitu chenye thamani yake ni kutumika, kitafutie mahali pa kuendelea kutumika karibu, penye utakiona kikipita. Kuuza kunaleta feza ya siku tatu. Na ukweli useme, wakati huu kuuza hakulete hata hiyo. Kila mutu anauza fotei. Wenye kununua wako wapi? Fotei za tantini, zenye zilishonwa na seremala wa Katindo kwa mbao ngumu, mununuzi wa kwanza alitoa bei yenye kutia haya. Wa pili alirudi mara tatu, kila mara akishusha. Kama iko namna, usiuze mu juma lenye kila mutu anahama, na usimwonyeshe mununuzi vitu vingine vyenye unataka kutoa. Akiona kabati na frigo vyote viko mulangoni, anajua uko mu haraka.

Malle ya vikwembe

Nani Goma hana mama mwenye iko na malle ya chuma? Ndani yake vikwembe vimekunjwa na vidonge vya naftalini, kimoja juu ya kingine sawa kurasa. Hiki ni cha 8 mars ya mwaka fulani. Hiki cha jubile ya paroisi. Hiki kililetwa na familia ya mukwe. Hiki kilishonwa sare kwa matanga ya shangazi. Na chini kabisa, wax zenye hazijapitiwa hata na makasi, yadi sita sita, zenye plastiki yake. Zile ni benki. Wakati benki za kweli zilifungwa, wamama wengi walifungua malle.

Vijana hawaelewe kwa nini mutu anaweka nguo yenye havae. Lakini kikwembe hakiozi haraka, hakihitaji kodi, na kinabebeka. Mu vitu vyote vya nyumba ndicho kinakimbia vizuri zaidi: unakifunga kiunoni, unabeba mutoto nacho, unalalia, na ukifika kule unaweza kukiuza. Kwa hiyo mimi singeshauri mutu aanze kupunguza na malle. Aanze na kabati.

Lakini tantini aliamua kugawa. Aliita mabinti na wakamwana, akatandika muke mu chumba, akatoa kimoja kimoja akieleza. Mwenye kuwa Kampala alifuata kwa simu, picha ikikatika kila dakika.

— Mama, ile ya bleu yenye ndege, niwekee.

— Ile ya bleu itabaki hapa. Kuja utwae wewe mwenyewe.

— Mama, si unajua barabara...

— Najua. Ndiyo maana nasema kuja.

Hakuna mwenye alijibu. Ile ya bleu ilirudishwa mu malle, na malle iko annexe chini ya kitanda. Hiyo haikuwa tena kazi ya kupunguza vitu.

Kugawa wakati mutu angali muzima kuko na faida ingine: kila kitu kinatoka na hadisi yake. Ukingoja matanga, kikwembe kinatoka bila jina, na wakamwana wanashikana mashati.

Koti la mwalimu

Mavazi ya mwenye kufa ni jambo lingine, na hapa inaomba tuseme wazi, sababu wajane wengi wanaumizwa. Kwa desturi za makabila mengi ya huku, kisha matanga familia ya mume inakuja kugawana nguo. Kama ni koti na kofia, na kama watu wanaheshimiana, ni desturi nzuri: unaona koti la ndugu yako likitembea juu ya mabega ya mutoto wake. Lakini mara nyingi koti linafungua mulango, na nyuma yake zinatoka televizyo, vitanda, mashini ya kushona, mwishowe funguo ya nyumba.

Baba mudogo alisikia kwamba vitu vinatolewa, akafika siku ya posho asubuhi. Mutu wa heshima, sina neno juu yake. Alikunywa chai. Aliuliza juu ya koti, ile ya kijivu yenye mwalimu alivaa kila siku ya matokeo ya mitihani. Kisha akauliza juu ya mashini.

— Shemeji, koti chukua, ni yako. Hata viatu chukua kama bitaingia. Mashini ni ya mukono wangu.

— Nilifikiri tu juu ya binti yangu, anajifunza kushona.

— Basi akuje ajifunzie hapa. Mimi ningali na macho.

Hakuna mwenye alipandisha sauti. Lakini si kila nyumba inapata shemeji wa namna hiyo, na ni vizuri kila mama ajue sheria inasema nini. Kitabu cha familia, yaani Code de la famille ya tarehe 1 agosti 1987 yenye ilitengenezwa upya mu julai 2016, kinaweka watoto mu fungu la kwanza la warizi, na kinamupa mwenye kubaki, mume ao bibi, haki ya kuendelea kukaa mu nyumba yenye walikaa na kutumia vitu vya ndani yake. Kwa hiyo mutu mwenye kuja kubeba kitanda cha mujane kwa jina la desturi, sheria haiko upande wake. Tena, kwa sababu watoto ni warizi, tantini alikusanya watano wote, hapa na kwa simu, mbele ya kupangisha nyumba ya mbele. Kuomba kwanza kunapunguza maneno ya kisha.

Makaratasi hayachomwe mbele ya kusomwa

Kilichobaki kilikuwa makarto matatu ya mwalimu. Kaye za preparasyo, mitihani ya zamani, magazeti, barua. Makarto yalikuwa yamelowana upande mumoja, panya walikuwa wamekula kona. Vijana walikuwa wamechoka. Mumoja akasema zitawasha mbabula ya mwezi muzima, na kusema kweli alikuwa na haki, makala imepanda bei. Tantini akasema maneno mawili: "Soma kwanza." Akaketi nasi, akavaa maneti, na tukaanza kupindua kurasa moja moja.

Ilichukua mchana mbili. Ndani ya kaye ya jeometri ya mwaka wa tano, kati ya mistari ya sinus na cosinus, kulikuwa karatasi imekunjwa mara ine: barua ya kuuzishiana kiwanja, na majina ya mashahidi na kashe ya chef wa kartie. Familia ilikuwa na fiche ya kiwanja. Hii barua walifikiri ilipotea. Na kuko jirani, siku nyingi, mwenye anasema ukuta wa nyuma, ule wenye annexe inaegemea, uliingia metre mbili kwake. Barua inaandika vipimo. Vijana walinyamaza wote. Kama ile kaye ingewasha makala, ni annexe yenyewe ingekuwa mu hatari, na annexe ndiyo yote yenye tantini anabaki nayo ya kulalia.

Mutu yeyote mwenye anaishi Goma anajua namna kiwanja kinaweza kupiganisha watu mpaka mahakamani, na namna karatasi moja inapima kuliko ukoo muzima. Kwa hiyo, mu kazi hii yote, makaratasi yapitie mukono wa mwisho, polepole, na mwangaza wa kutosha. Kadi ya kura pia: inchi yetu imekaa miaka na miaka bila kadi ya uraia, na ile ya CENI ndiyo inatufungulia milango, zile za mwisho wino wake unafutika, kwa hiyo piga foto ungali unasoma namba. Diplomi, bileti za kuzaliwa, akte ya ndoa, fiche ya kiwanja, vyote mu mufuko mumoja wa plastiki wenye kufungika, mahali penye hata mutoto wa miaka kumi anajua. Kopi moja ikae kwa ndugu wa muji mwingine. Mwenye alikimbia 2021 na akarudi 2025 kukuta nyumba imeibwa hahitaji kuelezwa zaidi.

Foto nazo. Zilikuwa mu albamu mbili zenye plastiki ya kunata, na unyevu wa ziwa ulikuwa umezishika. Ukivuta kwa nguvu, uso unabaki juu ya plastiki. Usivute. Piga foto ya foto, inje, mu kivuli cha mchana, bila taa ya simu. Kisha zitume, lakini usiziache mu simu moja tu, sababu simu ya Goma haikai na mwenyewe siku nyingi. Na kabla ya kuzituma, keti na koko mwenye angali anakumbuka, uandike majina. Tulikuwa na foto ya wanaume sita mbele ya chukudu jipya. Wanne tantini aliwajua. Wawili hakuna tena mutu wa kuwajua. Tulizirudisha vilevile mu albamu.

Najua kuko musomaji mwenye atasema: munaandika juu ya sahani 96, na watu mu mwanzo wa 2025 walitoka Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya na vitu vyote vyao juu ya kichwa kimoja, wakirudi Masisi na Rutshuru bila kujua kama kuko hata ukuta wenye kusimama. Iko na haki. Kuwa na vitu vya kupunguza ni bahati. Lakini nimeona pia mama mumoja mwenye alitoka kambini amefunga mu kikwembe kisahani cha enamel chenye kutoboka, hakifae hata kwa chumvi, na alikishika ndani ya nguo zake. Sikumuuliza.

Tantini naye alibaki na kitu kimoja cha namna hiyo. Ni radio ya mwalimu, ile yenye betri sita, yenye haiongee tangu zamani. Watoto walisema itupwe. Mimi nilisema fundi wa Birere anaweza kuitengeneza. Alikataa yote mbili. Hataki iongee. Imewekwa juu ya dirisha la annexe, na juu yake ameweka miwani ya marehemu na ile kalamu nyekundu. Inakula nafasi ya sahani sita hivi. Hakuna mwenye amesema kitu.

Kaye za mwalimu: tatu zimebaki, zenye maandiko mazuri zaidi. Zingine alichukua mwalimu kijana wa masomo ya jirani, mwenye anasema mazoezi ya zamani ni magumu kuliko ya sasa na ndiyo anayatafuta. Zenye panya walimaliza ziliwasha mbabula, kisha kusomwa. Fotei ziliuzwa kwa yule mununuzi wa pili. Frigo haijauzwa, umeme ukiwa unakuja na kuondoka namna hii, nani anataka frigo? Kwa sasa inatunza unga, na panya haiingie.

Mupangaji aliingia tarehe moja, na watoto wawili na kabati mpya. Ile ya tantini, kabati ya ndoa yake, ndiyo ilikataa kupita mu mulango wa annexe, hata tulipoipindua upande. Iko inje chini ya manjanja, imefunikwa na bashi. Seremala atakuja juma lenye kuja kuikata mara mbili. Anaomba dola kumi na mbao zenye zitabaki. Tantini anataka kumulipa dola kumi na tano, na mbao zibaki kwake.